Basi, Treni au Miguu? Namna ya Kupima Mradi wa Usafiri Mtaani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa ili msome pamoja mkutanoni. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya usafiri wa mjini, na tumechagua mtaa mmoja uwe mfano wetu: Dandora, Nairobi. Wengi wenu mmetoka mashambani, na pengine mnajiuliza, "Mabasi ya Nairobi yanatuhusu nini sisi?" Swali hilo ni la haki, kwa hivyo tuanze nalo.

Yanatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, watoto wetu wako huko. Pesa wanazotuma nyumbani ni zile zinazobaki baada ya kulipa kodi ya nyumba, chakula na nauli. Nauli ikipanda Dandora, mkono unakuwa mfupi kijijini. Pili, mazao yetu hupita kwenye barabara hizo hizo. Gunia la sukuma wiki hufika Marikiti usiku, na mama mboga wa mtaani hulifuata kabla ya jua kuchomoza. Gharama ya kulifikisha nyumbani ikimshinda, hununua kidogo, na bei yetu sisi huanguka. Tatu, sisi pia ni walipaji. Kila lita ya dizeli inayozungusha mashine ya posho ina ushuru wa kutunza barabara ndani yake. Ushuru wa reli nao ulianza kukatwa mwaka wa 2013 kwa bidhaa zinazotoka ng'ambo. Na serikali ikikopa pesa kujenga njia ya mabasi mjini, deni hilo ni la mwananchi wa Dandora na la mwananchi wa Turkana pia.

Tena, namna ya kupima mradi ni moja. Mkijua kupima mradi wa mabasi, mtajua kupima mradi wa maji, wa soko au wa stima ukija kwenu.

DANDORA NI MTAA WA NAMNA GANI

Dandora iko mashariki ya jiji, kama kilomita kumi kutoka katikati. Katika miaka ya 1970 serikali, baraza la jiji na Benki ya Dunia walipima viwanja karibu elfu sita, wakaweka maji, mabomba ya maji machafu na njia. Nyumba yenyewe mwenye kiwanja alijijengea, chumba baada ya chumba. Wako waliojenga kwa vikundi, kwa kuchangishana na kusaidiana kwa zamu, kama mnavyofanya nyinyi.

Miaka ikapita. Nyumba za chini zikawa gorofa za vyumba vya kupangisha. Watu wakaongezeka mara nyingi, lakini njia hazikuongezeka. Asubuhi maelfu hutoka kwenda viwandani, Gikomba, Eastleigh, mjini, na kwenye majengo huko Westlands. Jioni wote hurudi kwa njia zile zile.

Wanasafirije? Wengi hupanda matatu. Nairobi ilikuwa na mabasi ya kampuni tangu 1934, lakini mji ulikua na mabasi hayakufika kila mahali. Watu wenye magari madogo wakaanza kubeba abiria, na mwaka wa 1973 Rais Kenyatta akawaruhusu kufanya kazi hiyo bila leseni maalum. Mwaka wa 1986 serikali ilianzisha mabasi ya Nyayo. Yalipendwa kwa nauli yake nafuu, lakini hayakumaliza miaka ya tisini yakitembea. Matatu zikabaki. Zilibaki kwa sababu zilifuata watu mahali walipo, kwa saa wanazosafiri.

Lakini wako wengine ambao hatuwaoni tunapozungumza juu ya usafiri. Hao ni wanaotembea kwa miguu. Katika Nairobi, karibu safari nne katika kila kumi ni za miguu. Wengine hutembea kwa sababu ni karibu. Wengine hutembea kilomita nyingi kwa sababu nauli hawana.

Hebu tupige hesabu. Huu ni mfano tu. Tuseme kibarua anapata shilingi 500 kwa siku, na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 13,000. Asubuhi nauli ni shilingi 60, jioni wakati wa msongamano ni 80. Kwa siku ni 140, kwa mwezi ni 3,640. Zaidi ya robo ya jasho lake imebaki kwenye gari, na bado hajalipa nyumba. Bandu bandu huisha gogo. Kwa hivyo mtu akiwaambia kwamba mradi wa usafiri ni mambo ya mainjinia, mwonyesheni hesabu hii.

NJIA NNE ZILIZOKO

Zipo njia nne ambazo mtaa kama Dandora unaweza kuongezewa usafiri. Tuziangalie moja moja, uzuri wake na ubaya wake.

Njia ya kwanza: Kurekebisha matatu tulizo nazo. Hili si jambo geni. Mwaka wa 2004 sheria za waziri Michuki zilianza kufanya kazi, zikaleta vidhibiti mwendo na mikanda ya viti. Kuanzia mwisho wa 2010 wenye matatu walitakiwa kuwa ndani ya sacco au kampuni. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna nyumba inayobomolewa. Matatu huingia ndani ya mtaa, hutoka saa kumi usiku, na gunia la mama mboga hupata nafasi. Ubaya wake mnaujua. Mvua ikinyesha, nauli hupanda. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni, kwa hivyo dereva na makanga hukimbizana na wakati, na hasara ni ya abiria. Dawa yake ni sacco kuwalipa wafanyakazi mshahara wa mwezi, na nauli kuandikwa stejini, mahali kila mtu anaiona. Ni mambo madogo kwa pesa, lakini ni magumu kwa sababu wako wanaofaidika na fujo.

Njia ya pili: Treni. Reli ya kwenda Thika inapita Dandora, na ilifika Thika mwaka wa 1913, kabla Dandora haijakuwa mtaa. Treni za abiria za kwenda Ruiru husimama Makadara, Dandora, Mwiki na Githurai. Mwaka wa 2020 serikali ilileta treni za dizeli zilizonunuliwa Uhispania, na stesheni zikatengenezwa. Uzuri wa treni ni kwamba reli iko tayari. Haingoji msongamano wa magari, na nauli haipandi kwa ajili ya mvua. Ubaya wake ni saa. Reli ni moja, kwa hivyo treni huingia mjini asubuhi na kutoka jioni, na safari ni chache. Anayefanya kazi ya usiku haimfai, wala anayekwenda sokoni alfajiri. Stesheni pia ni moja kwa mtaa mkubwa, na anayekaa mbali nayo lazima atembee au apande gari lingine, ndiyo nauli mbili.

Kuna jambo la usalama pia. Mwezi wa Oktoba 2013, pale Mutindwa karibu na Umoja, treni iligongana na basi la abiria kwenye makutano ya reli na barabara, na watu zaidi ya kumi wakafa. Treni zikiongezwa, makutano hayo lazima yawe na vizuizi na walinzi, au daraja. Gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo, isiachwe mpaka watu wafe.

Njia ya tatu: Mabasi makubwa yenye njia yao peke yao, yale yanayoitwa BRT. Wenzetu wa Dar es Salaam wanayaita mwendokasi. Mpango wa Nairobi una njia tano zilizopewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Chui ndiyo inayokusudiwa kupita Dandora na Juja Road. Uzuri wake ni mkubwa. Basi moja refu laweza kubeba watu kama 150. Kuwabeba hao kwa matatu za viti 14 unahitaji karibu matatu kumi na moja. Na kwa kuwa njia ni yake peke yake, halikwami kwenye foleni.

Sasa tuangalie upande wa pili. Dar es Salaam walianza mwezi wa Mei 2016, kwa njia ya kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake. Safari iliyokuwa ikimaliza saa nzima na zaidi ikawa fupi sana, na watu walifurahi. Lakini mabasi yalianza yakiwa 140, abiria wakawa wengi kuliko mabasi, na foleni ya barabarani ikahamia kituoni. Tena karakana ya mabasi ilijengwa bonde la Jangwani, ambako maji hupita tangu zamani. Mvua kubwa zilipokuja, zaidi ya mara moja, maji yaliingia karakanani, mabasi yakaharibika na huduma ikasimama. Bonde halikuwa siri. Mzee yeyote wa Jangwani angewaambia.

Huku kwetu, njia ya Simba kwenye barabara ya Thika ilianza kujengwa mwaka wa 2021, na wananchi wakaambiwa wangoje mabasi mwaka wa 2022. Mwaka huo uliisha vituo vikiwa vimesimama katikati ya barabara bila basi la abiria. Kujenga ni jambo moja, na kuendesha ni jambo lingine. Nyinyi mnajua hivyo. Mara ngapi tumeona zahanati imepakwa rangi, imefunguliwa kwa ngoma, na hakuna muuguzi ndani?

Tena kuna mama mboga. Basi la namna hii halina keria, na halikutengenezwa kubeba magunia. Matatu zikiondolewa Juja Road ili kulipisha basi, yule mama atapitishia wapi mzigo wake? Na kijana makanga, na anayeuza chai stejini, na fundi wa viatu mwenye kibanda pembeni ya barabara, watakwenda wapi? Hatusemi basi lisije. Tunasema majibu yatolewe kabla ya tingatinga kufika.

Njia ya nne: Njia za miguu na baiskeli. Hii ndiyo husahauliwa, na ndiyo yenye bei ndogo kuliko zote. Njia pana ya kutembea, taa, mtaro uliofunikwa, kivuko mbele ya shule, daraja dogo juu ya maji machafu. Katika Nairobi wanaouawa na magari wengi ni watembea kwa miguu. Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya pesa za kujenga barabara kwa ajili ya wanaotembea na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo iko kwenye maandishi. Wananchi wanaweza kuidai. Ubaya wa njia hii ni kwamba peke yake haitoshi kwa mtu anayefanya kazi kilomita kumi na tano kutoka nyumbani. Lakini kumbukeni: hata anayepanda treni au basi huanza safari yake kwa miguu, na kuimaliza kwa miguu. Msichana anayetoka kazini saa tatu usiku, kituo kikiwa kizuri lakini njia ya kutoka kituoni iko giza, usafiri huo hajaupata bado.

MASWALI SABA YA KUPIMIA

Mnaukumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya mtu aliyetaka kujenga mnara, kwamba lazima kwanza aketi na kuhesabu gharama. Basi sisi tunaketi. Mradi wowote wa usafiri ukiletwa, ulizeni haya saba, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano:

1. Nauli itakuwa ngapi kwa siku nzima, kutoka mlangoni hadi kazini na kurudi? Hesabuni kila gari atakalopanda, si moja tu.

2. Utafanya kazi saa ngapi? Ulizeni habari ya saa kumi alfajiri na saa nne usiku.

3. Mzigo utapita? Na kiti cha mlemavu, na mama mwenye mtoto mgongoni?

4. Nani atapoteza kazi, kibanda au nyumba, na atafidiwa nini, lini?

5. Maji ya mvua yatakwenda wapi?

6. Pesa ni za nani? Kama ni mkopo, nani atalipa, kwa miaka mingapi?

7. Baada ya kufungua, nani ataendesha na kutunza? Vipuri vitatoka wapi?

Mkipata jibu la swali la kwanza na la sita peke yake, mmepata habari ya pesa. Mkipata na la nne na la tano, mmepata habari ya watu. Swali la saba ndilo linalowaambia kama mradi utakuwapo miaka kumi ijayo.

TUNGECHAGUA NINI SISI

Mtasema, "Mmetuonyesha njia nne, lakini hamtuambii ipi ni bora." Tutasema maoni yetu, nanyi mko huru kuyapinga.

Sisi tunaona si kuchagua moja na kutupa nyingine. Ni kupanga zipi zitangulie. Zitangulie zile zinazosaidia watu wengi kwa pesa kidogo na bila kumfukuza mtu: njia za miguu, taa, na steji zenye nauli iliyoandikwa. Kazi hiyo kaunti yaweza kuianza bila mkopo mkubwa. Pili, treni ziongezwe safari, kwa kuwa reli iko, na makutano yalindwe. Matatu zipangwe kuwaleta watu stesheni na kuwarudisha. Tatu, basi kubwa lije kwa masharti: mabasi yawe ya kutosha kabla matatu hazijaondolewa, wenye matatu wapewe nafasi ya kununua hisa na madereva wapewe mafunzo na kazi, na matatu za mzigo zibakiziwe njia yao. Bila masharti hayo, mwenye gari lake atafika nyumbani mapema, na kibarua ataendelea kutembea.

Wako watakaosema kwamba hatua ndogo zinachelewesha hatua kubwa, kwamba mji wa mamilioni ya watu hauwezi kujengwa kwa taa na vivuko. Kuna ukweli hapo. Matatu na miguu havitoshi kwa Nairobi ya kesho, na njia kuu za mabasi au treni zitahitajika. Hata hivyo, hatua kubwa inayokanyaga watu hupata kesi mahakamani, na kesi huchelewesha kuliko kivuko chochote.

HAKI YA KUSEMA

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kuwa moja ya misingi ya utawala. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo kikundi chaweza kuandika barua na kuomba ramani ya mradi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi mkubwa ufanyiwe uchunguzi wa madhara yake, na wananchi waalikwe kutoa maoni kabla ya leseni.

Kuhusu ardhi, kifungu cha 40 kinasema anayenyang'anywa ardhi kwa faida ya umma alipwe fidia ya haki na bila kuchelewa. Kinaruhusu pia kuwalipa wale wanaokaa mahali kwa nia njema hata kama hawana hati. Mwenye kibanda kwenye hifadhi ya barabara ana njia ngumu zaidi, lakini asikate tamaa. Wakopeshaji wakubwa kama Benki ya Dunia wana masharti yanayotaka hata wasio na hati wahesabiwe na wasaidiwe. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza pesa ni za nani.

Ushauri wetu ni huu. Msingoje siku ya mkutano wa chifu ndipo muanze kufikiri. Siku hiyo atapewa kipaza sauti anayejua kusema, na kina mama watabaki wakinong'ona. Andaeni mapema. Hesabuni wenyewe: watu wangapi wanapita njia fulani kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi, wangapi kwa miguu, wangapi kwa gari, wangapi wana mizigo. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na vijana wanne. Kikundi kikifika mkutanoni na hesabu mkononi, afisa hawezi kusema ni kelele za watu wasioelewa.

Nanyi wa mashambani, mkirudi nyumbani, waulizeni watoto wenu walio mjini: unatumia pesa ngapi kwa nauli, unatoka saa ngapi, unafika saa ngapi? Mtashangaa. Na mkiletewa mradi wenu wa barabara au soko, yale maswali saba mmeshayabeba.



MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Katika eneo letu, nani anatembea kwa miguu kwa sababu hana nauli? Anakwenda wapi?

2. Tutaje mradi mmoja uliojengwa kwetu na haufanyi kazi. Ni swali gani kati ya yale saba ambalo halikuulizwa?

3. Barabara yetu ikipanuliwa kesho, nani atapoteza, na kikundi kitamsimamia vipi?

4. Nani kati yetu ataandika barua ya kuomba habari, na kufikia tarehe gani?